Wiktionary na ukoo wa neno “mensa”: tathmini ya kamusi huru

Kamusi ya asili za maneno naipima kwa neno moja tu, nikitazama kama italifuata kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuruka hatua. Ndivyo nilivyofanya kwa Wiktionary, kamusi huru ya mtandaoni iliyoanzishwa Desemba 2002, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na hata kuihariri bila kulipa chochote. Neno nililoipa ni la Kilatini, “mensa”, yaani meza. Nililichagua kwa sababu ni fupi lakini lina ukoo mkubwa barani Ulaya, na tawi lake moja limefika hadi kwetu: “meza” ya Kiswahili huelezwa kuwa imetokana na “mesa” ya Kireno, nayo “mesa” imetokana na “mensa”. Toleo nililolitumia ni la Kiingereza, kwa kuwa toleo la Kiswahili, Wikamusi, bado ni changa mno kwa kazi ya namna hii.

Katika ukurasa wa neno la Kilatini, kazi yote imebebwa na sehemu mbili: ya asili na ya vizazi. Ya vizazi ndiyo iliyonivutia zaidi. Maneno yamepangwa kama nasaba, kila tawi likisogezwa ndani kidogo kuliko lile lililolizaa. Neno lililokopwa hutanguliwa na mshale, na umbo ambalo halikukutwa katika maandishi bali limekisiwa na wanaisimu huwekewa kinyota. Alama hizo mbili ni ndogo, lakini bila hizo msomaji hubaki na orodha ya maneno yanayofanana, asijue lipi lilirithiwa na lipi lilichukuliwa.

Faida yake inaonekana kwenye herufi “n”. Kireno na Kihispania husema “mesa”, Kiromania husema “masă”, Kiromanshi cha Uswisi husema “maisa”, na kote huko “n” haipo. Haikuachwa na Wareno wala Waromania, bali na Waroma wenyewe, ambao katika mazungumzo ya kila siku walikuwa wakiimeza “n” iliyo mbele ya “s”. Hata cheo cha “consul” kilifupishwa katika maandishi ya mawe kuwa COS. Ushahidi ninaoupenda zaidi ni orodha iitwayo Appendix Probi, yenye masahihisho 227, ambayo mwalimu asiyejulikana aliwaandikia watu wasemao vibaya. Mstari wake mmoja unasema “mensa non mesa”, maana yake sema “mensa”, usiseme “mesa”. Hakuna mwalimu anayehangaika kukataza kosa ambalo hakuna anayelitenda, kwa hiyo katazo lake ndilo linalotuthibitishia kwamba “mesa” ilikuwa tayari vinywani mwa watu.

Ukishalijua hilo, ukoo mzima unasomeka kwa namna nyingine. Mjerumani huita mkahawa wa chuo kikuu “Mensa”, kwa kifupi cha “mensa academica”, na Mwitalia huita “mensa” ukumbi wa chakula wa kiwandani au shuleni, huku meza ya kawaida akiiita “tavolo”. Maneno haya yamebaki na “n” kwa sababu hayakupita mdomoni kwa karne nyingi kama “mesa” ya Kireno. Yalichukuliwa au kuhifadhiwa kupitia Kilatini cha vitabuni, cha vyuo na cha kanisa. Mshale wa Wiktionary unamwonyesha msomaji tofauti hiyo papo hapo, jambo ambalo kamusi nyingi za kawaida haziligusi. Kamusi ya chuo cha lugha cha Hispania, kwa mfano, inasema juu ya “mesa” maneno matatu tu: “Del lat. mensa”. Ni kweli tupu, lakini ni kama kumwambia mtu babu yake alikuwa nani bila kumtajia baba.

Sehemu iliyonikalisha muda mrefu ni ile ya kaskazini. Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani iliyokwisha kufa, katika tafsiri ya Biblia ya karne ya 4, kina neno “mes”, ambalo linatumika kwa meza za wabadili fedha na pia kwa sinia iliyowekewa kichwa cha Yohana Mbatizaji. Kiayalandi kina “mias”, yaani sahani. Kipolandi kina “misa”, yaani bakuli kubwa, na Kirusi kina “miska”, bakuli dogo. Meza imegeukaje kuwa bakuli? Jibu linakaribia ukimsoma Tacitus, mwanahistoria wa Kiroma, aliyeandika mwaka 98 kwamba miongoni mwa Wajerumani wa kale kila mtu alikuwa na kiti chake na meza yake mwenyewe. Meza ya mtu mmoja, inayobebwa na kuwekwa mbele yake ikiwa na chakula juu, haiko mbali na sinia, na kutoka sinia hadi bakuli ni hatua fupi. Maneno haya yote ninaweza kuyafikia kwa kubofya kutoka ukurasa hadi ukurasa, lakini hadithi inayoyaunganisha nililazimika kuitafuta kwingine. Wiktionary hunipa mifupa iliyopangwa vizuri. Nyama naitafuta mwenyewe.

Upungufu huohuo unajitokeza kwa swali la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: mbona Ufaransa na Italia ziliiacha “mensa”? Kifaransa kina “table”, na Kiingereza kimekopa hukohuko. Kiitalia kina “tavola” na “tavolo”. Yote yametoka kwenye “tabula”, neno la Kilatini lenye maana ya ubao. Kihispania nacho kilirithi “tabula”, ila “tabla” yake imebaki kuwa ubao tu. Kijerumani kilikwenda njia ya tatu, kikaifanya “discus”, yaani kisahani, kuwa “Tisch”. Mwanaisimu wa Kiitalia Matteo Bartoli alieleza hali ya namna hii kwa kusema kwamba umbo la kale huelekea kudumu pembezoni, huku umbo jipya likienea katikati. Ukiitazama ramani, Ureno na Hispania ziko magharibi ya mbali, Romania iko mashariki ya mbali, na zote zimeishika “mensa”, ilhali katikati “tabula” imetawala. Nasaba iliyopangwa kwa mistari haiwezi kuonyesha jambo hili. Ingehitajika ramani, na ramani ya aina hiyo haipo kwenye ukurasa.

Kuna mtihani mwingine ambao kila kamusi ya asili ni lazima ifaulu, nao ni wa mfanano unaodanganya. Programu moja ya kulipia niliyoitumia kabla ya hapa ilinieleza bila kusita kwamba neno la Kiingereza “mess”, kwa maana ya mahali wanapokula wanajeshi, limetoka kwenye “mensa”. Nililiamini, nikalifundisha, na baadaye nikalazimika kuwaomba radhi wanafunzi wangu. “Mess” imetoka kwenye Kifaransa cha kale “mes”, nacho kimetoka kwenye Kilatini “missum”, kitu kilichotumwa, yaani chakula kilicholetwa mbele ya mlaji. Wiktionary inayatenganisha maneno haya ipasavyo. Vivyo hivyo haichanganyi jina “meza” la Kiswahili na kitenzi “meza”, kwa maana ya kupitisha kooni, ambacho ni cha Kibantu na hakina undugu wowote na Roma. Ninaongeza tahadhari moja: Kiajemi nacho kina “miz” kwa maana ya meza, na wataalamu hawajaafikiana kuhusu uhusiano wake na neno la Kireno, hivyo mfanano wa sauti peke yake usimfanye mtu akimbilie hukumu.

Kuhusu asili ya “mensa” yenyewe, maelezo ya kawaida ni kwamba linatokana na “mensus”, kilichopimwa, kutoka kitenzi “metiri”, kupima. Haya ni makisio ya wataalamu, na kamusi inayoyatoa lazima iseme kwamba ni makisio. Naithamini Wiktionary kwa kutoona haya kuandika neno “labda”.

Malalamiko yangu ni matatu, na mawili ni ya mpangilio. Ukurasa wa “mesa” unabeba kila lugha yenye neno lililoandikwa hivyo, Kiingereza kikitangulia na nyingine zikifuata kwa mpangilio wa alfabeti, kiasi kwamba kwenye simu unashuka kwa muda mrefu kabla ya kukifikia Kireno. Pili, kamusi inatofautisha herufi kubwa na ndogo: anayetafuta neno la Kijerumani lazima aandike “Mensa”, na asiyejua atadhani halimo. La tatu ni zito zaidi. Marejeo hayalingani, kitomeo kimoja (yaani maelezo ya neno moja) kinataja kitabu na ukurasa, kingine hakitaji chochote, na kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuhariri, kitomeo kisicho na marejeo sikinukuu katika kazi ya kitaaluma. Kichupo cha historia kinasaidia kidogo, kwa sababu kinaonyesha nani alibadilisha nini na lini.

Kwa hiyo huwa siiachi ifanye kazi peke yake. Kwa Kijerumani nafungua DWDS, kamusi ya mtandaoni ya lugha hiyo, ambayo imechukua kamusi ya asili ya Wolfgang Pfeifer. Kwa Kifaransa nafungua kamusi kubwa iitwayo “Trésor de la langue française”, yaani hazina ya lugha ya Kifaransa, iliyochapishwa kwa juzuu 16 kati ya 1971 na 1994, ambayo sasa inasomwa mtandaoni bure na hutaja mwaka ambao neno lilionekana kwa mara ya kwanza katika maandishi. Humo ndimo nilimokutana na “moise”, neno la maseremala kwa mbao mbili zinazofungwa pamoja ili kushikilia nyingine. Nalo ni “mensa”, bila “n” yake, likiwa limejificha kwenye mapaa ya Wafaransa tangu walipoacha kuliita jina la meza.