Mofini na buprenofini: pumzi iko salama wapi?

Zote mbili ni dawa kali za maumivu za jamii ya opioidi, na zote hushika vipokezi vilevile (sehemu za seli zinazopokea dawa) kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa pumzi bila sisi kuwaza. Zinapotofautiana ni namna ya kuvishika.

Mofini huviamsha kikamilifu. Kadiri dozi inavyopanda ndivyo upumuaji unavyopungua, hata kukoma. Tena huzima kengele mbili kwa mpigo: ile ya kaboni dioksidi ndani ya ubongo, na ile ya oksijeni iliyo kando ya mishipa mikubwa ya shingoni. Mtu wa kawaida akipungukiwa oksijeni huhema; aliyezidiwa na mofini hulala tu, kimya. Akiwekewa oksijeni ya ziada, kipimo cha oksijeni cha kidoleni chaweza kuonyesha namba nzuri huku kaboni dioksidi ikijaa mwilini. Kwa hiyo mimi naamini zaidi kuhesabu pumzi, na kuona kama mgonjwa anaamshika.

Buprenofini huviamsha nusunusu. Kwa watu wazima, athari yake kwenye pumzi hufika kikomo hata dozi ikiongezwa. Figo zikiwa dhaifu pia ina nafuu, kwani mabaki ya mofini hurundikana. Lakini ikichanganywa na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza), kikomo hicho si cha kutegemea. Na iking'ang'ania kipokezi haiachii upesi: naloksoni, inayomzindua aliyezidiwa na mofini ndani ya dakika chache, hapa huhitaji dozi kubwa zaidi na subira.