Kipimo cha Dopla ya shingo: kituo kilichonitoa hofu ya kiharusi

Jamani, mwenye maumivu ya shingo upande mmoja, pale pale unapobonyeza ukasikia mapigo, usihangaike kama mimi. Niliamka tu siku moja chini ya taya kulia panauma, nikimeza panauma, nikigusa ndo balaa kabisa. Hospitali ya kwanza wakasema tonsesi, nikapewa antibayotiki siku saba, nikamaliza dozi na shingo iko vile vile. Mwenzangu kazini ndo akanielekeza kwenye hiki kituo cha vipimo, wana Dopla, ile ultrasound inayoonyesha damu inavyopita kwenye mshipa.

Foleni nilikaa karibu masaa matatu, hilo siwafichi, viti vichache na wazee wengine wamesimama, wanatakiwa walirekebishe. Ila ukiingia ndani ni habari nyingine. Dokta akanipaka jeli, akatembeza kile kidude shingoni taratibu mpaka akagonga penyewe, nikaruka, akatulia hapo hapo. Akanigeuzia skrini, "Dada yangu, ona, damu inapita vizuri, ila ukuta wa mshipa umenenepa upande mmoja kwa nje." Kweli nikaona kama ukingo mweusi umeulalia mshipa pale unapogawanyika mara mbili. Nikamuuliza, sasa si nitapata kiharusi?

Hapo ndo nyota tano zinapotoka, hakunikimbiza. Akasema zamani waliita karotidinia, yaani maumivu ya mshipa mkubwa wa shingo, ilielezwa 1927 na daktari Mmarekani anaitwa Fay, wataalamu wakabishana miaka na miaka kama ni ugonjwa kweli, mpaka 2017 madaktari wakakusanya wagonjwa 47 wakaonyesha kwa picha kwamba kuna kitu pale, wakaita TIPIC, yaani uvimbe wa muda unaozunguka mshipa huo. Maumivu kwa kawaida yanaisha ndani ya wiki mbili hivi, na dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni zinasaidia. Lakini kwanza akahakikisha mshipa haujachanika kwa ndani, na akaniandikia kipimo cha damu cha ESR, kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, maana kuna magonjwa ya uvimbe wa mishipa kama Takayasu yanayofanana na huu, ila yenyewe hayaishi kwa wiki mbili, unatibiwa miaka.

Siku ya kumi na moja nikageuza shingo naendesha gari, sikusikia kitu. Nililia, sioni aibu kusema.

Na hawakunitupa. Baada ya miezi mitatu wakanipigia wenyewe nirudi, unene umepungua sana ila alama ilikuwepo kidogo, dokta akasema picha inachelewa kuliko maumivu, nisiogope. Mwezi wa nane ikarudi upande ule ule, alishaniambia kuna wanaorudiwa, nikaenda nikapimwa tena, siku tisa ikaisha. Sasa ni mwaka na nusu, kipimo cha mwisho mshipa safi, presha napima kama alivyoniagiza.

Mkienda fikeni kabla ya saa moja na nusu asubuhi, na bebeni picha zenu za zamani, anazilinganisha moja moja. Ila ukiona na kope imelegea au mkono umekosa nguvu ghafla, usije huku kupanga foleni, kimbia emajensi.