Nilimpa fundi khanga ya mama, akaikata penye neno "sikati"

Naandika hii hasira zikiwa hazijaisha, kwa hiyo atakayeona nimezidisha anisamehe. Au asinisamehe, shauri yake.

Kila mama wa umri wangu hapa Dodoma ana mfuko wa sare. Sare ya harusi ya mtoto wa shemeji, sare ya kipaimara, sare ya kikundi cha kuweka na kukopa ambacho kilishavunjika. Unavaa mara moja, gauni linaanza kubana, kitenge kinaingia kwenye kiroba chini ya kitanda. Cha kwangu kilijaa hadi chaga zikainuka upande mmoja. Nikasema basi, nitashonewa blanketi la viraka, lile ambalo Kiswahili cha vitabuni kinaliita mfarishi. Viraka juu, kitu cha joto katikati, bitana chini, halafu cherehani inapita juu ya vyote ili vishikane. Huku kwetu upepo wa Julai ukianza kupiga usiku, shuka moja ni utani.

Humo kwenye kiroba kulikuwa na khanga ya marehemu mama. Kipande kimoja tu, mwenzake wa doti alibebewa mdogo wangu wa mwisho mpaka kikaisha. Ni khanga ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichoanza 1968, na mama alikuwa haachi kutusimanga nayo: "Hii ni pamba, siyo hizo zenu za kuteleza." Nyekundu na nyeusi, korosho kubwa kubwa katikati, na jina lake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Fundi nilielekezwa na jirani. Yuko barazani, mitaa ya Majengo, kijana tu wa miaka thelathini na kitu. Kaniamkia "Mbukwa, mama," moyo ukalainika, maana vijana wengi wa mjini siku hizi hawajui hata kuitikia Kigogo. Nikamweleza. Vitenge kata unavyotaka, changanya rangi mpaka macho yaume, mimi napenda makelele. Ila khanga hii jina lake lisiguswe. Likae zima, katikati, lisomeke. Nilisema mara tatu. Mara ya tatu nilimshika mkono. Akasema, "Nimekupata, mama."

Hakunipata.

Wiki mbili zikawa mwezi na ushee. Umeme, msiba, sindano imekatika, hayo sikuyajali, fundi ni fundi. Siku ya kuchukua akalitandaza juu ya meza, na kwa sekunde chache, nasema kweli, nilitaka kulia kwa uzuri wake. Bluu ya harusi ya Singida pembeni ya njano ya kikundi, zambarau katikati, kila kona ya mraba imekutana na mwenzake kama imepimwa kwa rula.

Halafu nikaona. Kwenye kona ya juu, kichwa chini miguu juu: JAPO SIPATI. Basi, hakuna kinachofuata. Nikatafuta. Karibu na ubavu wa kushoto, TAMAA SIKA. Nikaendelea kutafuta, mpaka huku chini kwenye miguu, kati ya kitenge cha kipaimara na cha msiba, nikakuta herufi I imesimama peke yake kama mlingoti. T ilikuwa imemezwa na mishono. Amekata neno "sikati". Nguo yenyewe inakwambia kwa herufi kubwa kwamba sikati, wewe unapitisha mkasi hapohapo!

Mtu aliyekulia kwenye khanga anajua ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo unaweza kukata. Mji nao, kama una roho ngumu. Jina hukati, ni kumkata mtu kauli akiwa anaongea, na huyu anayeongea hayupo tena wa kurudia.

Nikamwambia. Akanitazama, akasema, "Mama, hili ni blanketi, siyo gazeti. Unataka kulala au unataka kusoma?"

Baraza zima likacheka. Kulikuwa na dada mmoja kaja kupunguza sketi, naye akacheka, na sura yake naikumbuka mpaka leo. Nikasema nalipa nusu. Yule kijana akalikunja blanketi taratibu, akaliweka nyuma yake kwenye kiti, akasema basi liache. Liache! Nyota ya harusi zangu zote nimwachie yeye alalie. Nililipa yote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mkasi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaandika kichwani: msiende kwake kabisa.

Nikalifua, nikiomba liharibike ili nipate la kusema. Halikuharibika. Ile nyekundu ya khanga haikuchuja hata tone kwenye vyeupe, kwa sababu alikuwa ameloweka kila kitambaa, akasuuza mpaka maji yakatoka meupe, akapiga pasi ndipo akakata. Vipya vilishasinyaa kabla ya kushonwa. Kuna kitenge alikikataa tangu siku ya kwanza. Alichomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti, ukajiviringa ukawa shanga ngumu badala ya majivu. "Hiki ni poliesta, wenzake wakisinyaa chenyewe kitagoma, blanketi litakunja uso." Nilinuna siku ile, kumbe alikuwa sahihi. Na katikati hakuweka pamba, ambayo ukifua mara mbili inakimbilia kona moja. Aliweka blanketi kuukuu la kijivu. Nalala kama mtoto.

Ndiyo inayokera. Angekuwa fundi mbovu ningemsahau.

Nilirudi baadaye, nimejiandaa kwa ugomvi, nimevaa kabisa viatu vya kugombana. Hakuwepo. Alikuwepo binti anayejifunza kwake, nikamwonyesha, akasoma kimya, akaweka mkono mdomoni. "Jamani bibi, wamekata sikati." Bila kuniuliza hela akachukua wembe, akaanza kufumua. Tangu mchana mpaka adhana ya alasiri, mshono kwa mshono, akavitoa vile viraka vitatu, akaviunga sambamba katikati, akaziba mapengo kwa kitenge cha msiba.

Ila viraka viliposhonwa tena, T ikarudi kulekule ndani ya mshono, hakukuwa na namna. Sasa kitandani kwangu pameandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKAI. Mjukuu anayejifunza kusoma kalifuatisha kwa kidole, akaniuliza, "Bibi, hukai wapi?"

Ukitaka nyota: binti nampa tano. Fundi, mikono nampa tano, mdomo sifuri, masikio sifuri. Usiende. Au nenda, lakini ongea na binti. Dada yangu wa Manyoni aliliona akalitaka la kwake, na kiroba chake kiko pale barazani tangu juzi. Nilikikagua mara mbili kabla ya kukipeleka. Khanga hakuna humo hata moja.