FamilySearch, makaburi ya vita na picha za Mjerumani: uzoefu wangu wa kutafuta ukoo nikiwa Tanga

Nimeulizwa na watu kadhaa kama kuna maana ya kumaliza bando kutafuta ukoo mtandaoni, hasa sisi wa Tanga ambao wazee wetu wengi waliletwa na reli na mkonge. Maana ipo, ila usiende ukitarajia jina. Majina yako kwa wazee na kwenye madaftari ya makanisa na misikiti. Mtandao unatoa miaka, na ukishakuwa na mwaka mkononi, mlango wa daftari unafunguka na mazungumzo na bibi yanakuwa mengine kabisa.

Niliyekuwa namtafuta ni babu mzaa mama wa bibi yangu. Mimi kwake ni kilembwe. Nyumbani kwetu Ngamiani habari zake zinaishia hapa: alikuja kutoka bara kutandika reli, akaoa Mbondei upande wa Muheza, vita vikaja akachukuliwa, hakurudi. Wengine wanasema alikuwa Mmanyema, wengine Mnyamwezi. Mjomba anasema alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, na mjomba akishasema hapingwi kwa urahisi.

Nilianza na FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, kwa sababu ni bure. Unafungua akaunti, unajiweka mwenyewe, wazazi, wazazi wa wazazi, na programu yao ya simu ni nyepesi. Wenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa tunaowaita Wamormoni, makao yao Salt Lake City, Marekani. Jumuiya yao ya kukusanya nasaba ilianza 1894, na tangu 1938 wamekuwa wakipiga picha madaftari ya makanisa na ya serikali dunia nzima. Ndiyo maana Mwingereza akiandika jina la babu yake anaweza kumwagiwa karne tatu za ubatizo, ndoa na mazishi.

Kwetu mambo ni membamba, na sababu yake ni ya zamani kuliko intaneti. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ni ya mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakulazimika kuandikishwa. Kisichoandikwa hakina wa kukipiga picha. Kwa hiyo ukiona ukurasa hauna kitu usidhani simu yako mbovu.

Halafu fomu ya kutafutia inataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sasa tuseme unamtafuta Athumani bin Juma. Juma si ukoo, ni baba yake. Mwanawe ataitwa Ramadhani bin Athumani, na Juma ameshatoka kwenye jina. Mimi nimekuwa nikiweka jina la baba kwenye kisanduku cha ukoo, na kabila, utani na jina la utotoni naviandika kwenye maelezo. Kwenye kutafuta jaribu tahajia zote: Athumani, Othman, Uthman, Osman. Mke zaidi ya mmoja inaruhusu, hilo halina shida.

Kitu ninachokipenda zaidi pale ni sehemu ya kumbukumbu, unapoweza kupandisha picha, karatasi na hata sauti. Nimeweka sauti ya bibi akihesabu watoto wa mama yake, waliopona na waliokufa wadogo. Hata kama mti wenyewe usingefika popote, hiyo peke yake ingetosha kunifanya nifungue akaunti.

Mambo mawili ya kujua kabla hujaanza. La kwanza, mti ni mmoja wa dunia nzima. Mtu aliye hai anaonekana kwako uliyemwingiza tu, lakini marehemu anaonekana kwa kila mtu, na yeyote mwenye akaunti anaweza kumrekebisha. La pili ni la imani. Kanisa hilo lina ibada ya kubatiza kwa niaba ya waliokufa, na orodha za nasaba zinahusika na ibada hiyo. Wao wanasema roho ya marehemu ina hiari ya kukubali au kukataa. Lakini ukoo kama wetu, nusu Waislamu na nusu Waanglikana, jambo hilo halipitishwi kimyakimya. Waambie wazee kwanza, wakubali au wakatae wakijua.

Kwa kuwa mjomba alishikilia habari ya Keya, nikaingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC. Hapa huhitaji akaunti wala kulipa. Unachagua nchi, unaandika Tanga, na majina yanaanza kushuka. Wengi ni askari wa jeshi la India walioletwa kwa meli Novemba 1914 kuuteka mji wetu wakashindwa, vita ambavyo kila mtoto wa Tanga anavijua kwa habari ya nyuki waliowavamia askari. Ukifungua jina moja unakuta cheo, kikosi, namba, tarehe ya kufa, na kwa baadhi yao jina la baba na kijiji huko India. Mtu aliyekufa hapa zaidi ya miaka mia iliyopita, hata siku mbili hakukaa Tanga, na leo mjukuu wake anaweza kumpata akiwa kitandani kwake.

Mpagazi, yaani mbeba mizigo wa jeshi, hayupo hivyo. Tume yenyewe ilitoa taarifa mwaka 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza upande wa Mwingereza hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, imebeba maneno ya kuwasifu askari na wapagazi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Majina hakuna. Kwa mtu mwenye asili ya Kihindi au Kizungu tovuti hii naipa alama zote. Kwa kitukuu cha mpagazi ni ya kusoma uelewe, na kukasirika kidogo, basi.

Ila usiiache haraka, maana tarehe zake ndizo zilizonifungulia kazi. Nilikaa na bibi ukumbini, nikaacha kumuuliza "mwaka gani", swali ambalo hana jibu lake na linamchosha. Nikamuuliza nani alikuwa wapi wakati wa nyuki. Akajibu hata hajamaliza kumeza chai: "Mama alikuwa akitambaa. Bibi yangu alisema alikimbia naye mgongoni, akamtia kwenye mihogo." Mtoto anayetambaa Novemba 1914 amezaliwa mwanzoni mwa mwaka huo, au mwishoni mwa 1913. Nikauliza babu alichukuliwa lini. "Kabla Mwingereza hajaingia. Mwingereza alipoingia, bibi alikuwa keshakaa peke yake msimu mzima."

Waingereza waliuchukua mji wa Tanga tarehe 7 Julai 1916. Basi aliyemchukua babu ni Mjerumani. Habari ya Keya ikaanguka pale pale ukumbini, na mjomba alikuwepo. Alinyamaza, halafu akauliza kama chai imebaki.

Nikamrudisha bibi nyuma zaidi. Babu alikuja reli ikiwa wapi? Akasema alianza kazi reli ikiwa imeshapita Korogwe, na alikuwepo ilipoingia Mombo, kwa sababu Mombo ndiko alikougua akarudishwa Muheza, na huko ndiko alikooa. Historia ya reli ya Usambara ni rahisi kuipata mtandaoni: ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi miaka ya mwisho kabla ya vita. Kwa hiyo kijana wetu alifika kati ya 1902 na 1905. Zaidi ya miaka mia ya "zamani sana" imepata tarehe kwa simu na kikombe cha chai.

Picha nazo zilisaidia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za Jumuiya ya Makoloni ya Ujerumani, na kuzitazama ni bure. Maelezo ni ya Kijerumani, kwa hiyo tafuta kwa majina waliyoyatumia wao: Usambarabahn ndiyo reli, Muhesa ni Muheza, Usegua ni Uzigua, Wilhelmstal ni Lushoto, Hohenfriedeberg ni Mlalo. Mzungu akiwemo kwenye picha mara nyingi ametajwa jina. Waliobeba na kuchimba ni "wenyeji" tu. Bibi niliyemwonyesha picha moja ya stesheni aliishika simu mbali na uso, akaikataa: "Siyo Muheza hii. Muheza palikuwa na mwembe." Nikatazama maelezo. Kweli, haikuwa Muheza. Tangu siku hiyo nikipata picha isiyo na jina la mahali naanzia kwake.

Hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, nayo imeweka mtandaoni mafaili ya Ofisi ya Makoloni kupitia mfumo wake uitwao invenio. Yaliyopigwa chapa unaweza kuyatafsiri kwa kamera ya simu, ukapata maana ya jumla. Yaliyoandikwa kwa mkono sahau, mwandiko ule wa zamani hata Wajerumani wa leo wengi hausomeki kwao. Na picha za kurasa ni nzito, bora utafute Wi-Fi.

Tovuti za kulipia? Nilijaribu moja kubwa, sitaitaja. Muda wa majaribio ulipoisha walikata dola kwenye kadi ya mtandaoni kabla sijasoma hata barua pepe yao, na ndani yake nilichokuta ni sensa za Uingereza na Marekani. Kama una shemeji Leicester inaweza kukufaa. Kipimo cha vinasaba sikufanya, ni ghali na bibi hataki kutemea mate kwenye chupa ya watu asiowajua.

Sasa daftari. Upande wa Muheza ni nchi ya zamani ya misheni ya UMCA, Waanglikana wa Magila, waliokuwepo tangu karne ya 19. Makaratasi ya misheni hiyo yamehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford. Orodha yake unaweza kuipitia mtandaoni, lakini makaratasi yenyewe kwa sehemu kubwa mpaka ufike. Madaftari ya ubatizo ni habari nyingine, mengine bado yako mitaani kwenye makanisa yenyewe. Miaka ya nyuma mama aliwahi kwenda kuuliza akaambiwa kwa adabu kabisa, "Lete mwaka, mama, tutakutafutia." Mwaka hakuwa nao, akarudi.

Safari hii tulikwenda nao. Padre alitoa daftari lenye jalada la kitambaa lililokwisha kwenye pembe, akaanza 1914 na kushuka nalo polepole kwa kidole. Wakati wa vita mapadre Wazungu wa misheni ile walikuwa wamefungwa na Wajerumani, na maandishi ya miaka hiyo yamebadilika mkono, wino umekuwa mwepesi, karibu kahawia. Kule mbele, baada ya vita, akasimama. Jina la ubatizo la mama yake bibi, jina la nyumbani, jina la mama, jina la mdhamini. Safu ya baba ina jina moja, lile lile tunalolitaja kwenye hitima na kwenye misa, na mbele yake neno moja: Mnyamwezi. Mama aliligusa karatasi, Padre akamwomba asiguse wino. Tukaruhusiwa kupiga picha ukurasa ule tu, maana kurasa nyingine ni za watu wengine.

Jina hilo mpaka leo sijaliona kwenye tovuti yoyote. Lakini bila tarehe za kwenye tovuti tungekuwa bado mlangoni tunaambiwa tulete mwaka.

Kikao cha ukoo kiliamua sauti na picha za bibi zibaki FamilySearch, kwa akaunti yangu, na bibi ameridhia. Marehemu wa upande wa Kiislamu wasiingizwe kwenye mti wa wote. Nikahamia Gramps, programu ya kompyuta ya bure isiyohitaji intaneti, inayoweka mti wako kwenye mashine yako mwenyewe. Haivutii macho, na kuizoea kunataka subira, ila inakuruhusu kumpa mtu mmoja majina mengi na kuandika nani alisema nini. Hilo kwetu ni muhimu kuliko urembo: habari ya Mnyamwezi nimeiandika kuwa ni ya daftari, ya kutambaa ni ya bibi, ya Keya ni ya mjomba. Inatoa pia faili la GEDCOM, ambalo karibu kila tovuti ya nasaba inalisoma, kwa hiyo ukibadili mawazo huanzi upya. Nakala moja nimempa shangazi Korogwe kwenye flashi, nyingine nimejitumia kwa barua pepe, maana kompyuta ninayotumia ni ya stesheneri ya mtaani na haiishi virusi.