Miezi saba nauza figurini za filme ya anga hapa Lubumbashi: uzoefu wangu

Naanza na hesabu juu njo inaniuma. Mwezi wa ine nilinunua katoni 4 za figurini, zile sanamu ndogo za watu za kuchezea, za filme moja ya vita ya anga, kila katoni iko na figurini 12, jumla 48, pamoja na meli za anga 6 za plastiki, kila moja mu boksi kubwa. Leo tuko mwezi wa kumi na moja. Meli ziliisha wiki ya pili. Figurini zimebaki 27, ziko pale juu ya etajere zinakula vumbi, na mimi kila asubui nikifungua butike yangu hapa mu komine ya Katuba nazipanguza na kitambaa, naziangalia, zinaniangalia.

Jina la filme naacha, na jina la mwenye aliniuzia naacha pia, yeye hakunidanganya kitu, mali ilipita Dar es Salaam, ikaingia kwa mupaka wa Kasumbalesa na ikanifikia muzima.

Na kitu chenyewe haiko kibaya, lazima niseme vile. Rangi imepakwa vizuri, uso unafanana na wa muigizaji kabisa, shingo inageuka, bega, kiwiko, goti, yote inakunjika. Urefu sentimita 15. Kila mumoja iko na bunduki yake kadogo sana, sawa punje ya mupunga kwa mukono wa mutoto, ile inapotea siku ya kwanza, bazazi bengi walirudi kuniuliza kama niko na ingine ya kununua peke yake. Goti njo kazaifu, mutoto akilivuta kwa nguvu linatoka na halirudi. Boksi imeandikwa kuanzia miaka 4 lakini mutoto wa miaka 4 ile goti analimaliza kwa saa moja. Kwa bei nilinunua dola 5 moja, nikauza 9. Dola 9 hapa kwetu muzazi anafikiri mara mbili, anafikiri viatu vya masomo.

Lakini bei haiko njo sababu kubwa, juu ile Spiderman nauza 10 na inatoka kila wiki.

Sababu nilianza kuiona siku mutoto mumoja aliingia na mama yake, kijana wa miaka 7 hivi, mama akaniambia mupe achague, ni aniversere yake. Nikachukua figurini ya yule komanda mwenye nguo ya kijivu, nikamupa mukononi, nikasema papa, angalia huyu, iko muzuri eh? Mutoto akamugeuza, akamuangalia mbele na nyuma, akaniuliza: "Mama, huyu ni nani?" Nikasema ni komanda wa meli ya anga. "Anafanyaka nini?" Nikanyamaza. Sikukuwa na jibu. Anafanyaka nini? Mu filme yenyewe yule mutu anasimama karibu na dirisha anasema na bakubwa wenzake, njo kazi yake. Mutoto akamurudisha polepole mu boksi kwa heshima, akaomba mupira.

Kisha akaongeza neno moja kwa mama yake nikasikia: "Ile ni pupe, pupe ni ya babinti."

Hapo njo nataka tuelewane vizuri, juu nafikiri bale wenye kutengeneza bintu hibi hawajui kama lugha yetu inabasumbua. Kule Marekani mu 1964 kampuni Hasbro walitoa G.I. Joe, mutu wa sentimita 30, anavalishwa nguo na kuvuliwa, kwa kweli ni pupe kabisa, lakini waliogopa hakuna baba atanunulia kijana wake pupe, kwa hiyo wakatunga jina ingine kwa Kiingereza, jina lenye maana ya mutu wa matendo, na wakakataza watu wao kusema neno pupe. Ile jina ilifanya kazi kule mupaka leo. Sasa kuja Lubumbashi: kwa Kiswahili chetu kitu chenye kichwa, mikono na miguu cha kuchezea ni pupe, basi, hakuna neno ingine. Batanzania banasema mwanasesere, na kwao pia ukisema mwanasesere mutu anaona mutoto wa kike. Kwa hiyo figurini ikifika hapa inapoteza jina lake njiani, inakuwa pupe ya dola 9. Spiderman anaponea juu yeye haitwi pupe, anaitwa Spiderman! Jina la mutu linakula jina la kitu. Ladybug vilevile, babinti wote wa hii mitaa banamujua, ile katuni ya Bafaransa yenye ilianza 2015 iko kwa televizyo, banajua hata maneno anasema wakati anabadilika.

Nikasema basi batoto bamujue komanda wangu. Nikatafuta filme kwa flashi, siku ya posho, Jumamosi, nikabakusanya batoto wa parsele yetu, kama kumi na mbili, nikabapa na biskuti. Filme iko na saa mbili na nusu. Dakika 40 za kwanza bakubwa banakaa kwa meza banazungumuza mambo ya serikali ya sayari, Kifaransa cha haraka haraka, batoto wadogo wakaanza kucheza na biskuti, wawili wakalala, na wakati vita ilianza sasa yenyewe umeme ukakatika. Hatukuimalizia. Wiki ile niliuza figurini moja, na ile moja niliuza kwa mama ya mutoto mwenye alilala.

Nilichokuwa sielewi ni kwa nini basi kuna filme za anga zenye zilifaulu, juu kila mutu anajua Star Wars. Nikasoma sana juu ya hii jambo, usiku, na telefone. Star Wars ilitoka mwezi wa tano 1977 na kampuni ya kutengeneza figurini, Kenner ya Cincinnati, haikukuwa tayari kabisa, Noeli ya ule mwaka waliuza bahasha yenye karatasi ndani, karatasi ya kuahidi kama figurini 4 zitakuja kwa posta mwaka ujao, na bazazi wakanunua karatasi! Kufika 1985 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 250. Lakini angalia, wakati ule filme ilikaa mu sinema miezi na miezi, mutoto anarudi mara tano mara kumi, anajua kila mutu kwa jina. Na Kenner walifanya figurini ndogo, sentimita 9 na nusu, wakusudi juu ziweze kuingia mu meli, na bei ikawa chini. Ile saizi, kwangu mimi, njo akili kubwa kupita zote, nitarudia.

Kenner haohao 1979 walitoa lile jini la filme Alien, sentimita karibu 46, meno inje, na filme yenyewe kule Marekani mutoto wa chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mukubwa. Sasa unamuuzia nani? Bazazi walilalamika na ikaanguka. 1984 ikaja Dune, na figurini zake za kampuni LJN, filme yenye hata bakubwa walitoka mu sinema banaulizana, nazo zikaanguka. Avatar ya 2009 ilikusanya zaidi ya dola miliardi 2 na nusu, dunia nzima waliiona, na bintu byake bya kuchezea bya Mattel havikufika mbali. Kwa hiyo pesa za sinema hazina uhusiano na mukono wa mutoto, mutu anaweza kupenda filme akarudi nyumbani akalala, imeisha.

Mattel walewale walikuwa na He-Man, figurini zilianza 1982 bila filme yoyote, kisha 1983 wakaleta katuni, kila siku mutoto anatoka masomo anaikuta kwa televizyo, vipande 130 kwa jumla. Siku kwa siku. Mutoto hajifunzi mutu kwa saa mbili, anamujifunza sawa anavyojifunza jirani, anamuona leo, kesho anamuona tena, anajua akikasirika anafanyaje. Filme inapita wiki chache mu sinema, na hapa kwetu inapitia kwa flashi mara moja. Na kiwanda hakiwezi kungoja kuona kama batoto watapenda, kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki ni maelfu ya dola na inachongwa miezi mingi mbele, kwa hiyo wanatengeneza mali ya filme yenye hakuna mutoto ameiona, wakikosea ile mali haitupwi, inashuka bei inatafuta njia, na njia ingine inaishia kwangu Katuba.

Jambo ya katoni sasa, bafanyabiashara musome hapa vizuri. Figurini za ndani ya katoni hazipangwi sawasawa unavyotaka. Mu 12 za kila katoni shujaa mukubwa walikuwa 2 tu, yule binti wa upanga 1, wengine 9 ni makomanda, masoja wa kofia yenye kufunika uso, na muzee mumoja wa ndevu. Mashujaa 8 wa katoni zote waliisha wiki ya kwanza, nikafurahi, nikafikiri biashara imesimama, kumbe nilikuwa nimeuza mali yote ya kuuzika. Kila mutoto mwenye alikuja kisha aliuliza shujaa, nikamuonyesha muzee wa ndevu. Muulize kwanza mwenye kukuuzia: ndani ya katoni kuko nani na wangapi? Akikataa kufungua, wacha.

Na ile saizi. Mutoto wa jirani yangu alipewa meli na komanda mara moja, Baba yake alimununulia byote viwili, nikaona kwa macho yangu mutoto anajaribu kumuingiza komanda mu meli. Hakuingia. Meli ilitengenezwa kwa watu wa sentimita 10, komanda iko 15, magoti hayakunjiki mupaka kifuani, mutoto akamusukuma, goti likatoka. Hakulia. Akamuweka komanda pembeni, akajaza meli bisoda bya Simba na bya Fanta, vingi, akaisukuma mu vumbi mupaka kwa mulango wangu akisema inapeleka shaba Kasumbalesa. Siku tatu mufululizo nikamuona na ile meli, na wenzake wanapanga foleni nyuma na makopo yao, mumoja ni polisi wa barabara, mumoja ni deklara wa mupaka anaomba makaratasi. Komanda sijamuona tena.

Mutu mumoja tu alinunua nyingi: kijana wa miaka 30 na kitu, anafanya kazi mu kampuni ya migodi, alichukua 5 mara moja, alichagua boksi zenye hazina mukunjo, akaniomba nisizibandue bei. Nikamuuliza za batoto? Akasema hapana mama, zangu, sifungui. Alinieleza kila komanda kwa jina na sayari yake, karibu saa nzima, macho yanang'aa, nikamupa Koka na kiti. Ile mali ilitengenezwa kwa yeye, sentimita 15, uso wa muigizaji, yote. Ila kijana sawa yeye mu Katuba nimepata mumoja kwa miezi saba, batoto wanapita mia kila siku.

Zile 27 nashusha mupaka dola 4 kwa Noeli na Bonane. Sitanunua tena, isipokuwa meli. Kama kuko mwenye kuleta zile meli peke yake bila bapupe ndani, nachukua katoni mbili, nalipa siku ile mali inavuka mupaka.