Programu ya mikopo tunayotumia Ahero: mtu inampima vizuri, mto haiujui

Mimi ni afisa wa mikopo katika sacco ndogo hapa Ahero, Kisumu, na wanachama wetu wengi ni wakulima wa mpunga. Programu hii tunailipia kila mwezi tangu 2023. Kwa kumpima mtu mmoja mmoja sina lalamiko. Unaingiza akiba yake, jinsi alivyolipa mikopo ya nyuma na kiasi anachoomba, na alama inayotoka mara nyingi inalingana na ninavyomjua.

Shida ni pale watu wanaposhindwa kulipa kwa pamoja. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha uhusiano kati ya wakopaji, nacho huja kikiwa na sifuri, yaani shida ya huyu haimhusu yule. Tulikuwa na mikopo 400, kila mmoja ukikadiriwa uwezekano wa asilimia 5 wa kutolipwa. Programu ikatuambia kwamba hata ukija mwaka mbaya wa mara moja kwa miaka 100, itakayoharibika ni kama 31. Fedha za kufidia hasara tukazitenga kwa hesabu hiyo.

Zikaja mvua za Aprili na Mei 2024, mto Nyando ukafurika. Asubuhi moja alifika mama mmoja, kitabu chake cha akiba amekifunga kwa nailoni, akaomba aongezewe muda. Nikamuuliza mdhamini wake yuko wapi. Akageuka, akanionyesha mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, matope hadi magotini.

"Ndiye huyu, mwanangu. Mashamba yetu yanakunywa mfereji mmoja."

Naye alikuwa amekuja kuomba muda.

Wiki hiyo nilirudi kwenye kisanduku kile nikaweka 0.15, kiwango ambacho kanuni za Basel, yaani kanuni za kimataifa za benki, hutumia kwa mikopo ya nyumba. Wastani wa mikopo inayotarajiwa kuharibika haukusogea, ulibaki 20. Lakini ile 31 ya mwaka mbaya ilipanda hadi 84. Na kwa watu wanaotegemea mto mmoja na bei moja ya mchele, naona hata 0.15 ni ndogo.

Programu hii naipa nyota tatu. Waliotengeneza waiondoe sifuri hiyo, na waache kumhesabu mdhamini kama ukuta usiofikiwa na maji. Kwa sasa naandika jina la mfereji kwa kalamu kwenye kila fomu, na mdhamini wa mfereji uleule simkubali akiwa peke yake.