Baiskeli ya kukodi kwa ajili ya Stelvio

Duka nililokodi baiskeli mjini Prato, kaskazini mwa Italia, linawafaa wanaokusudia kupanda Passo dello Stelvio, barabara iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, ambayo hupita kona kali 48 kabla ya kufika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli ilikuwa na gia nyepesi na breki za diski, na breki hizo ndizo zilizostahili bei yake, kwa kuwa kushuka kilomita 24 hivi huchosha mikono mno. Kofia ya kujikinga ilikuwa imechakaa. Mpenda kutembea akodi fimbo tu, kisha kutoka kileleni mwa barabara apande kilele cha Dreisprachenspitze, mita 2,843, autazame mlima Ortler na barafu yake.